The Black Keys na Junior Kimbrough: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila nikipiga *Chulahoma*, rekodi ya The Black Keys yenye nyimbo za mzee Junior Kimbrough, mbele ya watu, maswali huwa yaleyale. Huyu mzee ni nani? Mbona wimbo haubadiliki? Na hawa vijana wawili wa Ohio walilipa, au walijichukulia tu? Anayeanza na aanzie juu. Anayemjua Kimbrough tayari anaweza kuruka hadi sehemu ya haki na fedha, maana huko ndiko ubishi ulikolala.

## Mwanzo kabisa

The Black Keys ni akina nani?

Ni watu wawili wa mji wa Akron, jimbo la Ohio, Marekani. Dan Auerbach anaimba na kupiga gitaa, Patrick Carney anapiga drams. Walianza mwaka 2001, na albamu yao ya kwanza, *The Big Come Up*, ikatoka 2002. Akron ulikuwa mji wa matairi, makao ya Goodyear na Firestone, na albamu yao ya tatu, *Rubber Factory* ya 2004, waliirekodia ndani ya kiwanda cha matairi kilichotelekezwa.

Wengi waliwajua baadaye, kupitia *Brothers* (2010) na *El Camino* (2011), zilizowapa tuzo za Grammy na kuwapeleka kwenye kumbi kubwa. Lakini kabla ya hayo yote walikuwa vijana wawili waliotawaliwa na muziki wa mzee mmoja wa Mississippi.

Junior Kimbrough alikuwa nani?

David Malone Kimbrough, mwimbaji na mpiga gitaa wa bluzi, muziki wa Wamarekani weusi, alizaliwa tarehe 28 Julai 1930, Hudsonville, kaskazini mwa Mississippi. Gitaa alilikuta nyumbani. Maisha yake karibu yote aliyamaliza katika eneo la Holly Springs, kama kilomita 70 kutoka Memphis, akifanya kazi za kawaida mchana na kupiga muziki wikiendi.

Bahati ya kurekodi ilimjia kwa kusuasua. Mwaka 1966 aliingia studio Memphis kwa ajili ya lebo (kampuni ya kutoa rekodi) ya Goldwax, lakini nyimbo zile ziliwekwa kabatini na hazikusikika hadi 2009, miaka 11 baada ya yeye kufa. Lebo nyingine, Philwood, ilimtolea singo kisha ikalikosea jina lake: kwenye sahani aliandikwa Junior Kimbell. Albamu yake ya kwanza halisi, *All Night Long*, ilitoka 1992 akiwa na umri wa miaka 62. Alifariki Holly Springs tarehe 17 Januari 1998 kwa mshtuko wa moyo.

Chulahoma ni kitu gani?

Ni vitu viwili. Kwanza ni kijiji katika kaunti ya Marshall, Mississippi, ambako Kimbrough alikuwa na kilabu chake. Pili ni rekodi ambayo The Black Keys waliitoa tarehe 2 Mei 2006, yenye nyimbo za Kimbrough tupu, wakaipa jina la kijiji hicho. Yaliyomo nimeyaeleza katika sehemu ya rekodi.

Hicho kilabu kilikuwaje?

Kiliitwa Junior's Place. Alikifungua takriban mwaka 1992 katika jengo lililokuwa kanisa. Jumapili jioni watu wa vijiji vya jirani walijaa humo, wakanywa na kucheza, na mwenye nyumba akapiga gitaa hadi usiku mkubwa. Bendi yake, Soul Blues Boys, ilikuwa karibu ya kifamilia: kwenye drams mwanawe Kenny Malone, kwenye besi Gary Burnside, mtoto wa R.L. Burnside, ambaye alikuwa jirani yake na gwiji mwingine wa bluzi.

Baada ya *All Night Long* kutoka, wageni walianza kuja kutoka mbali. Wanamuziki wa bendi ya roki ya U2 walifika, Keith Richards wa Rolling Stones na mwimbaji wa roki Iggy Pop nao walifika. Kimbrough hakuubadilisha muziki kwa ajili yao. Baada ya kifo chake wanawe waliendelea kukiendesha kilabu, hadi moto ulipokiteketeza tarehe 6 Aprili 2000. Kwa hiyo rekodi ya 2006 imebeba jina la mahali ambapo msikilizaji hawezi tena kwenda kucheza.

## Muziki wenyewe

Mbona nyimbo za Kimbrough zinasikika kama haziendi popote?

Hilo ndilo swali linaloulizwa kuliko yote, na aliyeuliza amesikia sawasawa. Haziendi popote, na hazikukusudiwa kwenda.

Bluzi ambayo wengi tunaijua ina mzunguko wake: mistari mitatu, kodi tatu za gitaa (kodi ni noti kadhaa zinazopigwa pamoja), vipande 12 vya mapigo manne manne, kisha unarudi mwanzo. Sikio linajua mabadiliko yanakuja lini. Kimbrough aliuacha mzunguko huo. Anakaa kwenye kodi moja kwa dakika sita, saba au zaidi. Kidole gumba kinashikilia nyuzi nene zinazovuma bila kukoma, huku vidole vingine vikichora kiimbo kwenye nyuzi za katikati, na mapigo ya sehemu hizo mbili hayakubaliani moja kwa moja. Mvutano huo ndio wimbo. Sauti yake inaingia inapojisikia, wakati mwingine bila maneno, kwa mlio tu.

Ukikaa kwenye kiti ukisubiri kiitikio, utachoka. Muziki huu ulitungwa kwa mtu aliyesimama. Katika chumba kilichojaa wachezaji, kubadilisha kodi kila baada ya sekunde chache ni kuwakata watu miguu. Aliyewahi kuona sebene likivutwa dakika kumi kwa sababu uwanja bado umejaa atanielewa bila maelezo zaidi.

Je, hii ndiyo bluzi ya Delta?

Hapana. Delta ni nchi tambarare ya mashamba makubwa ya pamba, magharibi mwa jimbo. Kimbrough ni wa vilima vya kaskazini, na bluzi ya huko ina tabia yake: kodi chache, mapigo mazito, kipande kimoja cha gitaa kinachorudiwa hadi kikuingie mwilini. Vilima hivyo vilikuwa pia na vikundi vya filimbi na ngoma vilivyopiga kwenye tafrija za mashambani. Otha Turner aliupiga muziki huo hadi alipofariki 2003. Ukimsikiliza Turner kisha Kimbrough, utaona kwamba gitaa limeifanya kazi ya ngoma. Wengine wa vilima hivyo ni Fred McDowell, R.L. Burnside na Ranie Burnette.

Watu wawili wanawezaje kuubeba muziki huu bila mpiga besi?

Kwenye bendi zetu za dansi tumezoea mgawanyo wa kazi: solo, rithimu, besi, kila gitaa na mtu wake. Kimbrough alikuwa na mpiga besi, lakini kidole gumba chake kilishafanya nusu ya kazi hiyo. Ndiyo maana Auerbach, akiwa jukwaani na mpiga drams peke yake, hakubaki na shimo kubwa la kuziba. Anaziacha nyuzi nene zivume, anapitisha gitaa kwenye mkwaruzo wa amplifaya hadi sauti inajaa chumba, na Carney anapiga kwa uzito bila madoido mengi.

Kwa maoni yangu, hapa ndipo walipofaulu kuliko wengi. Hawakujaribu kuigiza Soul Blues Boys. Walichukua kilichowezekana kwa watu wawili, wakaacha mengine. Sauti ya Auerbach ni ya kijana wa Ohio na hajifanyi mzee wa Mississippi. Nimewasikia wazungu wengi wakiimba bluzi kwa lafudhi ya kuazima, na sijawahi kumaliza nao hata upande mmoja wa santuri.

Muziki huu una uhusiano wowote na wa kwetu Afrika Mashariki?

Wa moja kwa moja, hapana. Waafrika waliopelekwa utumwani Marekani walitoka zaidi Afrika Magharibi na upande wa Kongo na Angola. Ndiyo maana watu husikia undugu kati ya bluzi ya vilima na gitaa la Ali Farka Touré wa Mali, ambaye naye alipenda kutulia mahali pamoja.

Kwetu unaloweza kulisikia ni mfanano wa mikono. Mwenda Jean Bosco wa Katanga, Kongo, aliyeimba kwa Kiswahili na kurekodiwa na Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, mwaka 1952, naye alitembeza besi kwa kidole gumba huku kiimbo kikienda juu yake. Alizaliwa 1930, mwaka mmoja na Kimbrough. Ni sadfa tu, lakini ukizipiga rekodi zao jioni moja, moja baada ya nyingine, zinakaa pamoja vizuri ajabu.

## Rekodi

Ndani ya *Chulahoma* mna nini?

Nyimbo sita na ujumbe mmoja wa simu, vyote pamoja havifiki nusu saa. Nyimbo ni "Keep Your Hands Off Her", "Have Mercy on Me", "Work Me", "Meet Me in the City", "Nobody But You" na "My Mind Is Ramblin'". Ujumbe wa mwisho, "Junior's Widow", ni sauti ya mjane wa Kimbrough. Tazama swali la familia hapa chini.

Ilitolewa na Fat Possum, lebo ya Oxford, Mississippi, ambayo ndiyo iliyomtolea Kimbrough albamu zake. Ilikuwa kazi ya mwisho ya The Black Keys kwa Fat Possum. Baadaye mwaka huohuo walihamia lebo ya Nonesuch, wakatoa *Magic Potion*. Unaweza kuisikiliza *Chulahoma* kama barua ya kuaga.

Ukiwa na muda wa wimbo mmoja tu, chagua "Meet Me in the City". Kimbrough anauimba kama mtu anayejua mwanamke hatakuja. Auerbach anauimba kama mtu ambaye bado anatazama saa.

Walianza lini kupiga nyimbo zake?

Tangu siku ya kwanza. *The Big Come Up* ina "Do the Rump", wimbo wa Kimbrough. *Thickfreakness* ya 2003 ina "Everywhere I Go", pia wake. Auerbach mwenyewe ameeleza mara nyingi jinsi alivyozama katika rekodi za Kimbrough akiwa kijana, na jinsi alivyofunga safari za Mississippi kuwatafuta wapigaji wa muziki huo. Kwa hiyo *Chulahoma* haikutokana na wazo la meneja fulani. Deni lilikuwa limekaa miaka kadhaa.

*Delta Kream* nayo ni nini?

Ni albamu ya 2021, yenye nyimbo 11 za bluzi, nyingi za vilima vya Mississippi. Kimbrough yumo, R.L. Burnside yumo, Fred McDowell na Ranie Burnette wamo. Ilitoka tarehe 14 Mei, siku Auerbach alipotimiza miaka 42.

Tofauti kubwa na *Chulahoma* ni wageni waliokaribishwa. Kenny Brown, aliyepiga gitaa na R.L. Burnside kwa miaka mingi, na Eric Deaton, aliyepiga besi na Kimbrough, waliitwa kwenye studio ya Auerbach, Easy Eye Sound, Nashville. Albamu nzima ilirekodiwa kwa takriban saa 10, mchana wa siku mbili, bila mazoezi. Unasikia kabisa kwamba hakuna aliyekuwa na orodha ya mabadiliko mkononi: mmoja anaanza, wengine wanamfuata.

Wimbo wa kwanza, "Crawling Kingsnake", wengi wanaujua kwa John Lee Hooker, gwiji mwingine wa bluzi. Hapa wamefuata jinsi Kimbrough alivyoupiga, kwa mwendo wa kuchezeka zaidi.

Kati ya hizo mbili, ipi bora?

*Delta Kream* imepigwa vizuri zaidi, hilo halina mjadala. Gitaa la Kenny Brown peke yake linatosha kununulia santuri. Ila mimi narudi kwenye *Chulahoma*. Pale mnasikika vijana ambao bado wanautafuta mlango wa nyumba. Kwenye ile nyingine wameshaketi sebuleni.

Wapo wanaoniambia nimekosea na kwamba *Chulahoma* ni nyembamba mno. Kwa anayependa besi, malalamiko hayo ni ya haki.

## Haki, fedha na rangi

Wazungu wawili kupiga nyimbo za mzee mweusi si wizi?

Swali lina historia nyuma yake, ndiyo maana halifi. Katika miaka ya nyuma wapo waliochukua bluzi za watu weusi, wakaandika majina yao kama watunzi, na wenye nyimbo wakafa maskini.

Hapa mambo ni tofauti kwa jambo moja linaloweza kukaguliwa. Nyimbo zimeandikwa kwa jina la Kimbrough, na jina lake liko kwenye jalada: *The Songs of Junior Kimbrough*. Kwa sheria ya Marekani, anayerekodi upya wimbo uliokwisha kutolewa hulipa mrabaha kwa kila nakala inayouzwa. Mwaka 2006 kiwango kilikuwa senti 9.1 za dola kwa wimbo usiozidi dakika tano, na zaidi kwa wimbo mrefu kuliko hapo. Fedha hizo huenda upande wa mtunzi, yaani kwa mchapishaji wa wimbo na warithi wake kwa mujibu wa mkataba.

Je, hilo linamaliza ubishi? Halimalizi. Kimbrough alipigia watu wa kijiji kwenye kanisa la zamani; wanaomuenzi wanajaza viwanja. Hakuna mrabaha unaoziba pengo la namna hiyo. Lakini pengo kuwepo hakumfanyi kila aliye upande wa pili kuwa mwizi. Mimi nampima kwa swali moja tu: akishamaliza kupiga, msikilizaji analijua jina la mwenye wimbo? Kwa *Chulahoma* analijua kabla hata hajaitoa santuri kwenye jalada.

Familia yake ilisemaje?

Jibu liko ndani ya rekodi. Mjane wa Kimbrough aliwaachia ujumbe kwenye simu, akiwasifu na kuwashukuru kwa jinsi walivyoupiga muziki wa mumewe. Waliuweka mwishoni, bila gitaa chini yake. Wapo wanaoona ni kujipigia debe, kufunga albamu kwa sifa zako mwenyewe. Mimi naona afadhali sauti ya mwisho iwe ya nyumba ya mwenye nyimbo kuliko ya mchambuzi wa magazeti.

Kimbrough mwenyewe alipata chochote akiwa hai?

Alipata miaka michache ya kusikika. Kati ya 1992 na kifo chake alitoa *All Night Long*, *Sad Days, Lonely Nights* na *Most Things Haven't Worked Out*. Mwaka 1996 alizunguka Marekani akimfungulia Iggy Pop jukwaa. Lakini muda mwingi alibaki kwao, kwenye kilabu chake. Umaarufu mkubwa ulikuja akiwa kaburini.

Tuzo je?

*Delta Kream* iliteuliwa kuwania Grammy ya albamu bora ya bluzi ya kisasa kwenye sherehe za 2022, ikashindwa na *662* ya Christone "Kingfish" Ingram, kijana wa Mississippi. Usiku huohuo tuzo ya bluzi ya asili ilikwenda kwa Cedric Burnside, mjukuu wa R.L. Burnside. Walioogopa kwamba Wamarekani weupe wangeondoka na kila kitu walilala usingizi mzuri siku ile.

## Kwa wanaochimba zaidi

"Do the Rump" na "Do the Romp" ni nyimbo mbili?

Ni wimbo mmoja wa Kimbrough. The Black Keys waliurekodi mara mbili: kwanza kwenye *The Big Come Up*, kisha kwenye *Delta Kream* kwa tahajia ya pili. Ukizipiga zote mbili mfululizo unapata karibu miaka 20 ya wapigaji walewale. Toleo la kwanza linakimbia, la pili halina haraka.

Kama si muziki wa Delta, mbona wameiita *Delta Kream*?

Jina limetoka kwenye picha ya jalada, iliyopigwa na William Eggleston, mpiga picha maarufu wa Memphis. Inaonyesha kibanda cha aiskrimu chenye jina hilo, huko Tunica. Tunica iko Delta kweli. Muziki mwingi ulio ndani ya jalada umetoka vilimani. Anayejua jiografia ya Mississippi atanung'unika kidogo kisha ataendelea kusikiliza.

Robert Palmer aliyemrekodi Kimbrough ndiye yule mwimbaji Mwingereza?

Siye. Huyu alikuwa Mmarekani, mwandishi wa muziki wa gazeti la New York Times, na ndiye prodyuza wa *All Night Long*. Wamegongana majina tu.

Nani wengine wamemuenzi?

Mwaka 2005 Fat Possum walitoa mkusanyiko uitwao *Sunday Nights*, jina linalokumbusha zile Jumapili za kilabuni. Iggy and the Stooges wamo, na The Black Keys pia. Mkusanyiko una wasanii wengi na ladha zinapishana sana. Baadhi wamezibeba nyimbo kama mzigo wa watu. North Mississippi Allstars, ambao ni wa vilima hivyohivyo, wamekuwa wakipiga nyimbo za huko tangu albamu yao ya kwanza, mwaka 2000.

Nataka kujifunza kuzipiga kwenye gitaa. Nianzie wapi?

Weka piki, kile kidude cha kugongea nyuzi, pembeni. Anza na kidole gumba peke yake: gonga uzi mnene kwa mapigo sawa, dakika tano bila kusimama, hadi mkono uache kukuuliza ruhusa. Kisha ongeza noti mbili au tatu za juu, zikiingia katikati ya mapigo badala ya juu yake. Hapo utachanganyikiwa, na wengi huishia hapo. Punguza mwendo, usiongeze noti.

Usitafute kodi za ziada. Ukihisi hamu ya kubadilisha, badilisha nguvu ya mkono.

Nianze kusikiliza na rekodi ipi?

Na *All Night Long* ya mzee mwenyewe, kwa sauti kubwa, ukiwa umesimama. Halafu *Chulahoma*. *Delta Kream* iwe ya tatu. Wengi hufanya kinyume kwa sababu rekodi za The Black Keys ni rahisi kuzipata. Si kosa, ila ukianza nazo, Kimbrough atakusikikia mkali na mchafu kwa siku chache za mwanzo.

Bado kuna kitu cha kuona huko kwao?

Kilabu hakipo. Kaburi lipo, kwenye uwanja wa kanisa la Kimbrough Chapel, karibu na Holly Springs. Kwenye jiwe yameandikwa maneno ya rafiki yake Charlie Feathers, mwimbaji mweupe wa rokabili (roki ya mwanzo iliyochanganywa na kantri) aliyejifunza gitaa kwake, kwamba Junior Kimbrough ndiye mwanzo na mwisho wa muziki. Feathers alifariki Agosti 1998, miezi saba baada yake.